Duka Linalojua Bei na Duka Linalojua Kitabu

Kuna kauli iliyokwisha kuchakaa kwa kurudiwarudiwa, kwamba ukitaka kumficha Mtanzania jambo, liandike kitabuni. Utaisikia kwenye semina, kwenye hotuba za wageni rasmi, hata kwenye vyumba vya wahadhiri wakati wa chai. Wanaoisema hawaulizi swali ambalo muuza nyanya yeyote angeanza nalo: bidhaa hiyo inauzwa wapi, inauzwa na nani, na kwa masharti gani? Mimi ni mnunuzi wa vitabu wa miaka mingi, na ninataka kulijibu swali hilo kwa macho ya mnunuzi.

Niyatendee haki kwanza maduka makubwa yenye matawi. Ukiingia humo, bei imebandikwa kwenye jalada. Hupigi bei, hupimwi kwa viatu ulivyovaa. Unapewa risiti. Kitabu ni halali, kurasa zote zimo, wino haubaki vidoleni. Mwanafunzi wa kike anaweza kusimama saa nzima mbele ya rafu bila kusumbuliwa na mtu. Na si kweli kwamba wote wenye maduka hayo hawajali fasihi: kule Nairobi, Text Book Centre, iliyoanzishwa mwaka 1964, imekuwa mdhamini wa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, ambayo ina kundi la vitabu vya Kiswahili. Hayo ni mema, na asiyeyaona ana chuki.

Lakini tazama kinachokupokea mlangoni. Mabegi ya shule, kalamu za rangi, chupa za maji zenye picha za katuni, kisha meza ya vitabu vya Wamarekani wanaotufundisha kuamka saa kumi na moja alfajiri ili tuwe matajiri. (Mama lishe wa Manzese huamka saa tisa, na hajawa tajiri bado.) Kiswahili utakikuta nyuma, rafu mbili, mara nyingi vitabu vya kiada na vya watoto. Hakuna njama hapo. Pango katika jengo la maduka hulipwa kwa mita ya mraba, na kalamu huuzwa kila siku ilhali riwaya huuzwa kwa msimu. Zaidi ya hayo, anayechagua vitabu hayumo dukani. Yumo ofisini, pengine katika jiji jingine, akiagiza kwa orodha moja kwa ajili ya matawi yote. Kijana unayemkuta kwenye kaunta hana mamlaka ya kuagiza hata nakala tatu za kitabu ambacho wateja wake wanakiulizia kila wiki.

Nilipata kuulizia *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi katika duka moja la namna hiyo. Kijana, mpole kabisa, aliniomba nimtajie herufi za jina, akaziingiza kwenye kompyuta, akatazama, akasema, "Haisomi." Nikamuuliza kama kuna chochote cha mwandishi huyo. Akarudia: "Haisomi, mzee." Hakuwa mjeuri. Mwajiri wake hakumwajiri ajue vitabu; amemwajiri ajue mashine.

Siku chache baadaye nilimuulizia mzee mmoja mwenye kijiduka chenye upana wa mlango na nusu. Hakuwa nacho pia. "Mwalimu, hicho sina," alisema, "lakini kuna mtu nilimuuzia *Mzingile* mwaka jana, naye alikuwa anavitafuta vyote viwili. Nitamuuliza kama alikipata wapi. Ukipita Ijumaa utanikuta na jibu." Kisha akanitolea diwani ambayo sikuiulizia, akasema nitaipenda. Niliipenda. Maduka yote mawili hayakuwa na kitabu. Tofauti ni kwamba moja lilinifungia mlango na jingine likanifungulia mlango mwingine, na hiyo ndiyo kazi ya muuza vitabu.

Nisieleweke kwamba ninawapamba wadogo. Wamo wanaouza nakala haramu zilizodurufiwa uchochoroni, na mwandishi hapati hata senti. Wamo wanaokutajia bei kwa kuangalia gari ulilotoka nalo. Wauzaji wa kando ya barabara jijini Nairobi, ambao wenyeji huwaita "Inama Bookshop" kwa kuwa lazima uiname kuchagua, watakuuzia kitabu cha mtumba kwa bei ya chakula cha mchana, lakini kesho hutakikuta, na huenda usimkute hata muuzaji. Hata hivyo, niulizeni maktaba za wanazuoni wengi wa nchi hizi mbili zilijengwa wapi. Hazikujengwa kwenye viyoyozi.

Tatizo la mdogo si uvivu wala ujinga, ni masharti. Duka kubwa likichukua vitabu kwa mchapishaji hupewa punguzo nono na muda mrefu wa kulipa. Mdogo huambiwa alete fedha taslimu. Akibahatika kupewa kwa mali kauli, hupewa nakala tano, zikiisha hana mtaji wa kuzifuata nyingine mpaka akusanye madeni yake. Kwa hiyo kitabu kilekile, mchapishaji yuleyule, mdogo anakinunua ghali zaidi na kukiuza katika mtaa wenye watu wenye kipato kidogo zaidi. Halafu tunashangaa kwamba bei yake haitabiriki.

Wenzetu wa Ulaya walilitambua jambo hili zamani. Uingereza, tangu mwaka 1900, wachapishaji na wauzaji walikuwa na mkataba uliozuia kitabu kipya kuuzwa chini ya bei ya mchapishaji. Wachapishaji wakubwa walipojitoa mwaka 1995, na mahakama ikaufuta mwaka 1997, vita vya punguzo vilianza, na wadogo wengi walifunga. Ufaransa ilikwenda kinyume: sheria ya mwaka 1981, ya Waziri Jack Lang, inamkataza muuzaji yeyote, mkubwa au mdogo, kupunguza zaidi ya asilimia 5 ya bei ya kitabu kipya. Ndiyo maana maduka madogo ya vitabu bado ni jambo la kawaida Paris.

Na wakubwa wenyewe hawakuokolewa na ukubwa. Maduka ya Borders yalifungwa Uingereza mwaka 2009 na Marekani mwaka 2011. Waterstones ilipokuwa inayumba, aliyekabidhiwa mwaka 2011 alikuwa James Daunt, mwenye maduka machache ya vitabu yanayojitegemea jijini London. Aliacha kupokea fedha za wachapishaji kwa ajili ya kuwekewa vitabu vyao mahali pa kuonekana, akawaachia mameneja wa matawi wachague wenyewe cha kuuza. Mwaka 2019 alikabidhiwa na Barnes & Noble ya Marekani. Yaani dawa iliyoponya maduka makubwa ilikuwa kuyafanya yaenende kama madogo. Sisi tunaiga ukubwa wakati wenye ukubwa wamekwisha kuiga udogo.

Sasa nije kwa anayestahili lawama nzito zaidi, nayo ni dola. Duka la vitabu la wilayani halikuwahi kuishi kwa riwaya. Liliishi kwa vitabu vya shule, na faida ya kitabu cha Hisabati ndiyo iliyolipia rafu ya ushairi. Mwaka 2013 serikali yetu iliirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya kuandaa vitabu vya kiada, na kitabu kimoja kikawa cha nchi nzima. Kulikuwa na sababu: vitabu vilivyoidhinishwa vilikuwa na makosa ya aibu. Sibishani na hilo. Ninachohoji ni kwa nini kusahihisha kitabu kulimaanisha pia kumpita muuzaji. Kenya nayo, kuanzia mwaka 2018, ilifikisha vitabu vya serikali shuleni moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, miaka michache tu baada ya sheria ya kodi ya mwaka 2013 kuwatwisha wasomaji asilimia 16 ya ongezeko la thamani juu ya kila kitabu. Na wamachinga walipoondolewa katikati ya Dar es Salaam mwaka 2021, amri haikutofautisha muuza soksi na muuza vitabu.

Wanataaluma wenzangu nao wasijifiche nyuma ya dola. Nje ya lango la takriban kila chuo kuna steshenari inayodurufu kitabu kizima kwa bei ya karatasi, na anayepeleka nakala ya kudurufiwa mara nyingi ni mhadhiri. Kitabu cha mwenzake husambazwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa kabla ya kipindi cha pili. Mhadhiri huyohuyo, akialikwa redioni, atalalamika kwamba vijana hawanunui vitabu.

Ninachodai si ruzuku kwa wauza vitabu wala siku ya kuwapongeza. Shule ya msingi hutengewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Vitabu vya kiada vibaki kwa Taasisi, lakini fedha ya vitabu vya ziada na vya maktaba, hata iwe shilingi 1,000 kwa mtoto, mwalimu mkuu aruhusiwe kuitumia katika duka lenye leseni ndani ya wilaya yake, achague mwenyewe, arudi na risiti. Shule yenye watoto 800 itaingia dukani na shilingi 800,000. Wachapishaji nao wampe mwenye kijiduka punguzo lilelile wanalompa mwenye matawi, kwa kuwa wamemzoea kumwambia hakopesheki bila kumkopesha hata mara moja. Na Wizara itueleze, kwa barua na si kwa hotuba, ni kifungu gani cha sheria kinachozuia hayo yasianze Januari ijayo.