Uhaba wa konsoli: Walanguzi wavuna wasipopanda

BEI iliyotangazwa na mwenye kiwanda huheshimiwa maadamu bidhaa ingali dukani. Inapoadimika, mpangaji wa bei huwa ni yule aliyewahi kuinunua na kuificha. Biashara ya mashine za michezo ya video, yaani konsoli, imethibitisha hivyo mara kwa mara.

Oktoba 2000, kampuni ya Sony ilizindua PlayStation 2 nchini Marekani kwa dola 299. Kutokana na upungufu wa vipuri, shehena ya kwanza ilipunguzwa kutoka mashine milioni moja hadi 500,000. Punde si punde, baadhi zilikuwa zikinadiwa kwenye intaneti kwa zaidi ya dola 1,000.

Miaka 20 baadaye hali ilijirudia. PlayStation 5 ilipoingia sokoni Novemba 2020 kwa dola 499, janga la corona lilikuwa limevuruga utengenezaji wa chipu za kielektroniki. Walanguzi walitumia programu za kompyuta kununua akiba ya maduka ya mtandaoni kwa dakika chache, kisha wakaiuza kwa takriban maradufu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2016 dhidi ya programu kama hizo haikuwazuia, kwani inahusu tiketi pekee.

Wapo wanaodai kwamba watengenezaji huzusha uhaba kimakusudi. Hata hivyo, faida ya ulanguzi haiwafikii. Aghalabu wao huuza konsoli kwa faida finyu, au hata kwa hasara, wakitarajia kufidiwa na mauzo ya michezo. Mashine iliyofungiwa katika ghala la mlanguzi haimnunulii mtu mchezo wowote.

Mnunuzi naye hana budi kutofautisha uhaba wa kupita na bidhaa iliyokoma kuundwa. Nintendo ilipotoa NES Classic Edition Novemba 2016 kwa dola 59.99, ilinunuliwa ikaisha. Aprili 2017 kampuni hiyo ilitangaza kusitisha uundaji, na bei ya walanguzi ikapita dola 200. Lakini Juni 2018 mashine hizo zilirejeshwa madukani kwa bei ile ile ya awali. Waliokuwa wamezilimbikiza wakabaki na mzigo.

Funzo hilo lilionekana Juni 2025, Nintendo ilipozindua Switch 2. Nchini Japani, ambako watu wapatao milioni 2.2 waliomba kuinunua kupitia duka la kampuni hiyo, bahati nasibu iliwekewa masharti: mwombaji awe amecheza kwa angalau saa 50 kwenye Switch ya awali, na awe amelipia huduma ya mtandaoni kwa mwaka mzima. Muhimu zaidi, mashine ziliundwa kwa wingi. Zaidi ya milioni 3.5 ziliuzwa duniani kwa siku nne.

Masharti humchelewesha mlanguzi, bali kinachomfilisi ni rafu zilizojaa. Mzazi anayeshawishika kulipa maradufu leo akumbuke kwamba, maadamu kiwanda kingali kinafanya kazi, anachonunua kwa ziada hiyo ni miezi michache tu ya kutosubiri. Mstahimilivu hula mbivu.