Kiboko wa Babati mnamwonea bure, angalieni ukingo!

Kimya changu kilikuwa cha mitihani, si cha uvivu. Leo siongelei bumu kuchelewa wala foleni ya kafeteria. Leo naongelea maji.

Juzi hapa hosteli kulizuka ubishi mkali kuhusu Ziwa Babati, kule Manyara. Kwa wasiopafahamu, ni ziwa lililopakana kabisa na mji: upande huu nyumba, maduka na barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma, upande ule mitumbwi ya wavuvi, ndege na viboko. Mwenzetu mmoja akasema dawa ni moja tu, viboko wahamishwe, kwani wanakula mazao, wanaua watu na wanachafua maji. Wengi wakamuunga mkono. Mi nilikataa, na kwa kuwa walinizidi sauti, nimekuja kusemea huku.

Nianze na ukweli wao. Kiboko mmoja anakula nyasi kama kilo 40 kwa usiku, halafu mchana kutwa yuko majini na kinyesi anakimwaga humohumo. Utafiti wa Mto Mara uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kwenye madimbwi yenye viboko wengi na maji kidogo, kinyesi kile kinamaliza oksijeni, na mvua kubwa ikiyasukuma maji yale chini, samaki wanakufa. Na kuua, kweli anaua. Ukikutana naye jioni ukiwa umesimama kati yake na maji, uko pabaya.

Lakini someni tena hapo: viboko wengi, maji kidogo. Sasa kina cha ziwa kinapunguzwa na nani? Kinapunguzwa na tope. Milima ikikatwa miti na kulimwa hadi juu, kila masika udongo unashuka na kulala chini ya ziwa. Ziwa lenye kina kifupi likizidiwa na mvua linatafuta pa kwenda, na pa kwenda penyewe ni mjini. Mafuriko ya mwaka 1990 Babati hayakuletwa na kiboko jamani!

Na tope haliji peke yake. Linakuja na mbolea, samadi, maji ya vyoo na ya kufulia. Fosforasi na naitrojeni zilizomo humo ndizo chakula cha mwani. Mwani ukishiba unaongezeka, maji yanageuka kijani. Mchana unatoa oksijeni, usiku unaitumia, na ukifa, bakteria wanaouozesha wanamaliza iliyobaki. Ndiyo maana kwenye maji ya namna hiyo samaki hufa alfajiri. Tena baadhi ya viumbe hao wa kijani hutoa sumu ambayo hata ukichemsha maji haiondoki. Kiboko anarudisha ziwani nyasi za palepale ukingoni, ila mfuko wa mbolea ya dukani unaleta kitu kipya kila msimu.

Hivyo hoja yangu ni moja tu: ulipeni ukingo deni lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hebu tupige hesabu ya darasa la saba: kilomita moja ya ukingo mara mita 60 ni hekta 6. Hekta 6 za matete, mafunjo na nyasi zinazokamata tope kabla halijafika majini, zinazofyonza mbolea, zinazowapa samaki wadogo pa kujificha na ndege pa kutagia. Na kiboko naye anapata malisho karibu, hana haja kubwa ya kupanda hadi kwenye mahindi ya mtu. Umfukuze kiboko ukingo ukiwa mtupu, maji yatabaki machafu vilevile, ila utakuwa huna wa kumsingizia.

Najua swali linalofuata: na mama mwenye bustani ya mchicha palepale ukingoni atakula nini? Swali la haki kabisa, na ndipo mambo haya hukwama. Kumng'olea mchicha bila kumpa kitu ni kumfundisha kulichukia ziwa. Ila jibu lipo Babati hukohuko. Miaka ya 1990, vijiji vinavyozunguka msitu wa Duru-Haitemba vilikataa msitu ugeuzwe hifadhi ya serikali. Wakajiwekea sheria ndogo na walinzi wao wenyewe, na msitu uliokuwa unaliwa ukaanza kupona. Wataalamu wakawa wanaenda kule kujifunza kwa wanakijiji!

Basi ukingo nao ufanyiwe hivyohivyo. Wenye bustani wawe wa kwanza kwenye kamati, na wapewe haki ya kukata nyasi za ng'ombe na mafunjo ya mikeka kwa zamu. Njia wanazopita viboko ziwekewe alama, watoto wajue kuwa giza likianza kuingia hakuna kwenda majini. Vyoo vilivyo karibu na maji vihamishwe kabla ya kuhamisha mnyama yeyote.

Mi nasomea ualimu, Baiolojia na Jiografia. Siku moja nitasimama mbele ya darasa lililo karibu na ziwa kama lile, niwafundishe watoto mtandao wa chakula. Ningependa wakichungulia dirishani wauone mtandao wenyewe, sio maji ya kijani na hadithi ya viboko waliokuwepo.

Mwenye hoja ya kupinga na aje nayo, ila aanze na mita 60. Naomba kuwasilisha.