Kijiko Gani, na Asali Kiasi Gani?

Katika nyumba nyingi za Mlalo, maandazi na keki hupikwa bila mizani. Unga hupimwa kwa bakuli, sukari kwa kiganja, nayo keki huivia ndani ya sufuria yenye makaa juu na chini. Mpishi mzoefu hakosei, kwa kuwa jicho lake limekwisha kulizoea bakuli lile moja. Tatizo huanza pale mmoja wa wanakaya anapogundulika kuwa na kisukari au shinikizo la damu, akarudi kutoka kliniki na agizo fupi: punguza sukari, punguza chumvi. Apunguze kutoka kiasi gani? Mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

Mgonjwa hutafuta mbadala mwenyewe, na wa kwanza kumjia akilini ni asali, inayoheshimiwa kama dawa. Kijiko cha chakula cha sukari kina gramu 12 hadi 13. Kijiko hicho hicho cha asali kina uzito wa gramu 20 hivi, na takriban gramu 17 kati ya hizo ni sukari. Anayebadilisha kijiko kwa kijiko ameongeza kile alichokusudia kukipunguza. Shirika la Afya Duniani nalo huihesabu asali miongoni mwa sukari za kupunguzwa. Unga wa mahindi au wa muhogo badala ya ngano haupunguzi wanga. Kwa anayejidunga insulini kwa dozi ileile kila asubuhi, andazi ambalo leo ni dogo na kesho ni kubwa si jambo la upishi tu.

Chumvi ina mlango wake wa nyuma. Kijiko cha chai cha bekingi pauda huweza kuwa na miligramu 400 hadi 500 za sodiamu. Cha bekingi soda, zaidi ya 1,200. Mtu mzima anashauriwa asizidi 2,000 kwa siku. Ni kweli keki hugawanywa kwa wengi, lakini wapo wanaomimina bila kupima. Hapa milima inasaidia: palipoinuka, shinikizo la hewa ni dogo, gesi hutanuka zaidi, na keki huumuka kwa bekingi pauda pungufu kuliko Tanga mjini.

Wahudumu wa afya hupenda orodha za makatazo kwa kuwa ni rahisi kuzitoa. Kipimo kingefaa zaidi, na kimo nyumbani: kijiko cha plastiki cha mililita 5 kinachotolewa pamoja na dawa ya maji ya watoto. Kikioshwa vizuri, mpishi apime nacho sukari anayotia kwa kawaida katika kilo moja ya unga, aiandike, kisha apunguze robo. Andazi litaumuka vilevile. Chumvi huweza kupunguzwa hata nusu. Katika ziara inayofuata, muuguzi aulize, "Mama, safari hii umetia vijiko vingapi?" na jibu liandikwe kwenye kadi, karibu na kipimo cha damu.