Mwalimu wa JSS alipwe kama mwalimu

Maelfu ya walimu waliohitimu na kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) nchini Kenya wanafundisha Sekondari Msingi (JSS) kwa jina la wanagenzi, kwa Sh20,000 kwa mwezi. Hizo ni kabla ya makato. Bima ya afya inachukua asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na hazina ya hifadhi ya jamii (NSSF) nayo inadai chake. Kinachobaki ndicho cha kodi, nauli na chakula, na wengi wao bado wanadaiwa na bodi ya mikopo ya elimu ya juu (HELB).

Serikali inasema wanapata uzoefu. Uzoefu kutoka kwa nani? Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, shule nyingi za mashinani zilipata mwalimu mmoja wa JSS. Hakukuwa na mkuu wa idara wa kumkagua wala mwenzake wa kumuuliza. Ndiye aliyepanga ratiba, akafundisha, akatahini na kujaza alama za wanafunzi mtandaoni. Huyo alikuwa akibeba shule nzima mabegani.

Tazama hesabu yenyewe. Masomo ya JSS ni tisa, baada ya kupunguzwa kutoka 14. Mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili. Ili kila somo lipate aliyelisomea, shule inahitaji walimu watano hata kama ina mkondo mmoja tu. Wasipofika watano, mwalimu wa Kiswahili na Historia atajikuta akieleza umeme katika Sayansi Jumuishi, ndani ya darasa la shule ya msingi lisilo na maabara. Hatumlaumu. Anafanya awezalo. Lakini mtoto aliyekosa msingi wa sayansi hapo ataulizwa katika Gredi ya 10 kwa nini hakuchagua mkondo wa sayansi na teknolojia (STEM), na hakuna atakayekumbuka kwamba hakuwahi kuona hata bunseni ikiwashwa.

Mahakama ya Ajira ilishasema lake. Aprili 2024 iliamua kwamba kuwaajiri walimu waliohitimu kama wanagenzi kulikiuka haki zao. TSC ikakata rufaa, walimu wakagoma, na madarasa yakakaa bila mtu kwa wiki kadhaa. Januari 2025 wengi wa waliogoma walipewa ajira ya kudumu na pensheni, jambo tulilolifurahia. Ila kabla wino haujakauka, nafasi 20,000 mpya za wanagenzi zilikuwa zimetangazwa. Yaani kundi moja linatolewa kwenye shimo, jingine linaingizwa.

Tunajua hazina haina pesa za kumwaga. Shule zenyewe zinalia kwamba mgao wa kila mwanafunzi unachelewa na unafika pungufu, na walimu wakuu wanakopa chaki. Hata hivyo, mtaala wa CBC ni serikali iliyouchagua, na JSS ni serikali iliyoamua ikae katika shule za msingi. Gharama ya uamuzi huo haifai kukatwa kwenye mshahara wa kijana aliyemaliza chuo na kusubiri kazi kwa miaka.

Wabunge wanapopitisha bajeti ya elimu, wafanye mambo mawili. Watenge fedha za kuwaingiza wanagenzi wote waliopo katika ajira ya kudumu, kwa tarehe inayojulikana. Kisha waizuie TSC kumtuma mwanagenzi mahali ambapo hakuna mwalimu mzoefu wa somo lake. Kundi la kwanza la JSS lilifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025 na tayari limeondoka. Upungufu wake hauwezi kurudishwa nyuma. Walio Gredi ya 7 sasa bado wanaweza kupata walimu watano.