Ughani Wetu Umehifadhiwa Wapi?

Ukimwuliza mwanafunzi wa Kiswahili leo ziliko kanda za ughani, maigizo na mijadala ya chama chake, atakujibu kuwa ziko YouTube. Jibu hilo latosha maadamu mlango u wazi. Ufunguo lakini hatunao.

Hofu hii si ya kubuni. Google Video ilianzishwa mwaka wa 2005 na kampuni isiyokosa fedha, nayo ikafungwa 2012. Vine, iliyopendwa mno na vijana, ilizimwa 2017. Hata pasipo kufungwa, masharti hubadilika. Mnamo 2018 YouTube ilimtaka msanii awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 ndipo agawiwe mapato ya matangazo. Mwimbaji wa nyimbo za mapenzi huenda akakivuka kizingiti hicho upesi. Anayefafanua bahari za ushairi atangoja sana! Isitoshe, akighani huku taarabu ikisikika kwa mbali, mashine yaweza kuutambua muziki huo, na mapato yakaelekezwa kwa mwenye hakimiliki.

Njia mbadala zipo. Vimeo, ya tangu 2004, hutegemea ada za wasanii badala ya matangazo, ingawa ada hiyo si ya mfuko wa mwanafunzi. Internet Archive, iliyoasisiwa 1996, hupokea kanda bila malipo. Mimi navutiwa zaidi na PeerTube, programu huria ya shirika la Framasoft la Ufaransa. Chuo huiweka katika seva yake na kujitungia sheria, huku tovuti yake ikiunganishwa na nyingine za aina hiyo. Wanaotazama video moja kwa wakati mmoja huweza kusaidiana kuisambaza, hivyo seva hupunguziwa mzigo.

Kuna watakaosema kuwa watazamaji wako kwingine. Ni kweli, wala simshauri mtu auhame umati. Pingamizi zito zaidi ni kwamba seva yahitaji umeme, fundi na bajeti, nasi wanachama hufuzu kila mwaka tukaondoka na neno la siri. Kwa sababu hiyo jukumu hili liwe la idara, si la katibu wa chama. Nakala asili ihifadhiwe chuoni, na kipande chake kipelekwe YouTube kuwaita watazamaji. Tuanze na kanda za mwaka huu, kwa idhini ya maandishi ya kila mghani.