Riwaya inafungua midomo



Kuna wanaotuuliza: mnapata faida gani kusoma hadithi za watu ambao hawakuishi? Jibu letu ni hili. Katika kikundi ni mama gani atasimama aseme, "Bwana yangu ananipiga", ama "Binti yangu amebeba mimba na mimi sikuona kitu"? Haya inatufunga. Lakini kitabu kikisema juu ya mwanamke mwingine, midomo inafunguka. Tunataja jina la yule wa kitabuni, na kila mmoja anajua moyoni anasema juu ya nani.

Na kila aina ya riwaya inatugusa mahali pake.

Kwanza ile ya majonzi. "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na hadithi yake inaanzia Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake Rosa juu ya barua ya kijana. Rosa anakua akiogopa wanaume wote. Akifika mbali na fimbo ya baba, hakuna aliyemfundisha kujilinda, na maisha yake yanaharibika. Tulipofika hapo tuligawanyika. Wengine walisema, kosa ni la Rosa. Wengine wakasema, ni la baba. Kisha mmoja wetu akauliza: na Regina, mama yake? Kimya kikaanguka. Regina naye anapigwa, naye anaogopa. Hatukumhukumu, lakini tulielewa: woga si malezi. Mtoto aliyelindwa na fimbo peke yake, siku fimbo haiko, hana kitu mkononi. Afazali tuseme na binti zetu juu ya mwili wao na juu ya vijana, mbele mtu wa njiani hajasema nao. Angalisho moja: mwisho wa kitabu hiki ni mzito sana, Rosa anajiua. Msimwachie msichana akisome peke yake; someni pamoja naye.

Pili, riwaya ya barua. Mariama Bâ wa Senegali alitoa "Une si longue lettre" mwaka 1979. Ni kwa Kifaransa. Kwetu anayekijua anasoma na kutufasiria. Ramatoulaye, mwalimu na mama wa watoto 12, amefiwa na bwana aliyekuwa amemwacha na kuoa rafiki wa binti yake. Anamwandikia Aïssatou, mwenzake ambaye bwana wake naye alileta mke mwingine. Aïssatou aliondoka, Ramatoulaye alibaki. Nani alifanya vizuri? Hatukupatana mpaka leo, na si lazima tupatane. Lakini siku ya arobaini shemeji anakuja kusema atamrizi mjane, naye Ramatoulaye anakataa mbele ya watu. Hapo tulipiga vigelegele wote! Kwetu pia mjane anaambiwa nyumba ni ya ukoo, na yeye pia ni wa ukoo. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamjua mjane aliyeolewa mbele ya serikali. Basi mama ambaye ndoa yake haijaandikwa, aiandikishe bwana akingali hai.

Tatu, riwaya ya upelelezi. Katika "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mtu anakutwa amekufa mahali pa mizimu. Bwana Msa hakimbilii kusema ni mizimu. Anauliza, anapima, anatafuta nani alikuwa wapi. Tulicheka sana, kisha tukaacha kucheka. Kwetu mtoto akifa kwa gafula, kidole kinaelekea kwa bibi mzee, mara nyingi mjane asiye na mtetezi. Nani aliona? Mtoto aliugua nini? Alipelekwa kwa muganga siku gani? Maulizo kama hayo yanaweza kuokoa maisha ya mzee.

Na ile ya mfano, "Kusadikika" ya Shaaban Robert, tulidhani itatuchosha. Karama anashitakiwa kwa sababu anataka watu wajifunze sheria. Hapigi kelele, siku kwa siku anasimulia yaliyowapata wajumbe waliotumwa mbele yake, mpaka wakubwa wanasikia. Sasa, tukienda kwa chefu juu ya maji ama njia, hatuendi na hasira tu. Tunapanga maneno yetu kwanza.

Kikundi kinachotaka kuanza kisingoje pesa nyingi. Kitabu kimoja kinatosha, hata cha kuazima. Siku ya likelemba, mmoja asome kwa sauti kurasa kumi, wengine wakichagua maharagi. Wasiojua kusoma wasikae pembeni. Kwetu ndio wanaoona mengi. Kisha ulizeni matatu: nani alinyamaza? Nani angeweza kusaidia? Kwetu iko namna gani?

Na muweke sharti moja: mama akisema, "Mimi pia", neno lake lisitoke inje. Siri ikitoka mara moja tu, midomo itafungika tena, na hakuna kitabu kitakachoifungua.