Mdudu wa Mti na Mdudu wa Maji



Baadhi yetu huwaponda wadudu wote wakubwa wa kahawia waangukao chini ya taa usiku wa mvua, kwa kudhani kuwa ndio watoboao mikarafuu. Nia ni njema, lakini wadudu hao si wa aina moja, na yatupasa kuwapambanua.

Dundu mtoboa miti ana papasi ndefu, pengine kupita mwili wake. Magamba yake mawili hukutana mgongoni kwa mstari ulionyooka, na kinywa chake ni cha kutafuna. Hutaga katika gome, hasa la mti uliodhoofika au tawi lililovunjika. Buu lake huishi ndani ya mti, pengine mwaka na zaidi, likila.

Mdudu mkubwa wa maji hutoka vijitoni na katika mabonde ya mpunga. Papasi zake hazionekani, na ncha za mabawa yake hupandana. Miguu ya mbele ni ya kukamatia, ya nyuma ni mipana kama makafi. Hatafuni, mdomo wake ni kama sindano, humchoma mnyama, humtia mate ya kumyeyusha, kisha humfyonza. Hula viluwiluwi, visamaki na konokono, hata wale waenezao kichocho. Hatusemi kuwa ni mpole, kwani ukimshika huchoma, na maumivu yake si ya mchezo. Lakini mkarafuu haugusi.

Hasara ya kuwachanganya ni hii: mwenye kuponda wadudu barazani hulala akidhani kazi imekwisha, na buu lingali shambani linakula. Mwingine humwaga dawa kando ya kijito. Dawa hiyo hailifikii buu ndani ya mti, bali huua samaki na wadudu walao konokono, na watoto wetu ndio waogao humo.

Rai yetu ni kwamba tukague mikarafuu mchana. Tukiona tundu na unga wa mbao, tuchokoe kwa waya. Matawi makavu tuyakate na kuyachoma moto. Wakati wa kuchuma tusivunje matawi, kwani kila jeraha ni mlango. Mdudu wa maji tumzoe kwa kifuu, tumrudishe bondeni. Adui wa mkarafuu hatafutwi chini ya taa, hutafutwa shinani.

Katibu